Christiaan Persoon: mtoto wa Afrika aliyepatia uyoga wa miti majina yake

Katika milima ya volkeno ya Virunga, pale Congo, Rwanda na Uganda zinapokutana, kuna uyoga mmoja ambao gorila wanaupigania. Hauoti chini. Unashikamana na mti sawa vile kibao cha ukutani, mgumu kama mbao yenyewe, juu una rangi ya udongo, chini ni mweupe. Ukiukwaruza chini kwa ukucha, alama inakuwa ya kahawia na haifutiki tena. Dian Fossey, Mwamerika aliyeanza kuchunguza gorila wa milimani mwaka 1967, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1983 namna wakubwa wanavyonyang'anya wadogo uyoga huo, na namna mtoto asiye na nguvu ya kuubandua anaishia kuuguguna palepale kwenye mti.

Wenye kupasua mbao na wenye kuchoma makala wanajua uyoga wa namna hiyo. Wakiuona juu ya mti uliosimama, wanajua kwamba ndani mbao imeanza kuharibika. Katika vitabu vya sayansi jina lake ni Ganoderma applanatum, na nyuma ya jina kunaandikwa hivi: (Pers.) Pat. Pat. ni Patouillard, mfamasia wa Ufaransa. Pers., ile iliyofungwa katika mabano, ni Persoon, mtu wa kwanza kuupatia uyoga huo jina lililobaki.

Persoon huyo alizaliwa Afrika. Aliondoka akiwa na miaka 13, hakurudi tena, na alikufa maskini mjini Paris mwaka 1836.

Yatima wa Rasi ya Tumaini Jema

Christiaan Hendrik Persoon alizaliwa mwaka 1761 kwenye Rasi ya Tumaini Jema, inchi ambayo leo ni Afrika ya Kusini. Wakati ule mahali hapo palikuwa mikononi mwa kampuni ya biashara ya Waholanzi, iliyopajenga kama kituo cha meli zilizokwenda Asia, na kazi nyingi za mji na za mashamba zilifanywa na watumwa. Baba yake alitoka Pomerania, pwani ya bahari ya Baltiki. Mama yake alikuwa wa ukoo wa Kiholanzi. Walikuwa walowezi, na mtoto wao alikuwa wa tabaka hilo, hiyo haifichwi.

Mama alikufa muda mfupi baada ya kumzaa. Alipofika miaka 13, baba alimpandisha meli kwenda Ulaya kusoma. Mwaka mmoja hivi baadaye baba naye akafariki. Ni kusema, kijana huyo alijikuta katika inchi za baridi bila mzazi, bila nyumba ya kurudia, na sehemu ya kuzaliwa ikiwa mbali kwa miezi mingi ya safari ya bahari.

Alianza na masomo ya dini kule Halle, Ujerumani. Kisha akageuka, akaingia udaktari, kwanza Leiden katika Uholanzi, halafu Göttingen, tena Ujerumani. Siku zile kusoma udaktari kulikuwa pia kusoma mimea, kwa sababu dawa zilitoka kwenye mimea. Hapo ndipo Persoon alipokutana na kitu ambacho walimu wengi walikipita haraka: uyoga.

Kitu kisichokuwa na mahali

Ili kuelewa kazi yake, lazima kujua watu wa wakati ule walifikiri nini. Wengi waliamini kwamba uyoga unazaliwa na uozo wenyewe. Mti unakufa, unaoza, na ule uozo unatoa uyoga, sawa vile jasho linatoka mwilini. Kama ni hivyo, basi hakuna sababu ya kuuhesabia ukoo na aina, kwa sababu uozo unaweza kutoa umbo lolote.

Mwaka 1729 Mwitaliano Pier Antonio Micheli alikuwa ameonyesha kwamba sivyo. Alichukua vumbi la uyoga, akalipanda juu ya vipande vya tikiti, na uyoga wa aina ileile ukaota. Lakini wengi hawakumsikia. Mwaka 1753 Carl Linnaeus, Mswidi aliyeleta desturi ya kupatia kila mmea na kila mnyama jina la maneno mawili, aliweka uyoga katika fungu la mwisho la mimea, na kwa koo chache tu. Karibu kila uyoga wenye matundu chini yake, ukiwa wa ardhini ama wa mtini, uliingia katika ukoo mmoja, Boletus. Ilikuwa kama duka ambalo limepanga vizuri vitambaa na sufuria, lakini misumari, chumvi na sabuni vyote viko katika gunia moja nyuma ya mlango.

Persoon aliamua kufungua gunia hilo.

Namna ya kutofautisha

Uyoga wenye kula miti unasumbua kwa sababu unabadilika. Ule mmoja, ukiota juu ya mti uliolala, unakuwa bapa kama ganda. Ukiota kando ya mti uliosimama, unatoa ukingo kama kibao. Ukiwa mchanga ni mweupe na laini, ukizeeka ni wa kahawia na mgumu. Mtu akihukumu kwa rangi na ukubwa tu, ataandika majina matano ya kitu kimoja, ama jina moja la vitu vitano.

Persoon alitazama zaidi ile sehemu inayozaa. Uyoga hauna mbegu. Una vumbi laini sana, ambalo wataalamu wanaita spora. Vumbi hilo linatoka wapi? Kwa uyoga mwingine linatoka kati ya vibao vyembamba vya chini ya kofia. Kwa mwingine linatoka katika matundu, kwa mwingine kwenye miiba inayoning'inia, na kwa mwingine juu ya ngozi laini isiyo na kitu. Kwa aina nyingine vumbi linafungiwa ndani ya mfuko mpaka mfuko upasuke. Persoon alipanga uyoga wote katika makundi mawili makubwa: wenye kufungia vumbi lao ndani, na wenye kulibeba wazi. Ule utando wenye kuzaa aliuita himenio, na neno hilo linatumika mpaka leo.

Mwaka 1794 alitoa mpango wake wa kwanza. Kutoka mwaka 1796 akaendelea na kitabu cha uchunguzi wa aina mojamoja. Mwaka 1801 akachapisha kwa Kilatini kazi yake kubwa, Synopsis methodica fungorum, ambamo alikusanya na kupanga aina zote alizozijua.

Koo nyingi za uyoga wa miti zilipata mahali katika kazi hizo. Uyoga wenye kujitandaza juu ya mbao kama rangi iliyopakwa, bila kofia, aliupatia jina Corticium, kutoka neno la Kilatini la ganda la mti. Ule wenye kujitandaza vilevile lakini wenye matundu aliuita Poria. Mwingine mgumu, ambao matundu yake yamerefuka na kupindana mpaka yanafanana na njia za kupotezea watu, aliuita Daedalea, kwa kumkumbuka fundi wa hadithi za Wayunani aliyejenga nyumba ya njia kama hizo. Ule wenye miiba mirefu inayoning'inia aliuita Hericium, kwa kuufananisha na kalunguyeye. Mtu akisoma jina, tayari amepewa alama ya kutafuta.

Ule uyoga wa gorila aliuandika mwishoni mwa karne hiyo ya 18, kutokana na uyoga wa Ulaya, kwa jina Boletus applanatus. Neno la pili maana yake ni kitu kilichobapazwa. Karibu miaka 90 baadaye Patouillard aliona kwamba haufai kubaki katika Boletus, akauhamishia Ganoderma. Lakini sheria ya majina inaamuru kwamba aina ikihamishwa ukoo, aliyeitaja kwanza anabaki katika mabano. Ndiyo sababu Pers. iko pale.

Hakushughulika na miti tu. Kutu ya ngano, ugonjwa wa kuvu ambao wakulima wa ngano duniani kote wanauogopa, inaitwa Puccinia graminis, na jina hilo pia ni lake, la mwaka 1794.

Chumba cha juu mjini Paris

Mwaka 1799 alipata cheo cha udaktari. Kazi hakupata. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 alihamia Paris, mji uliokuwa na bustani kubwa ya mimea na wasomi wengi. Alipangisha ghorofa ya juu katika mtaa wa watu maskini, na hakutoka Paris tena mpaka kufa. Hakuoa. Hakuwa na kiti katika chuo kikuu chochote, wala mshahara wa serekali. Alitoa kitabu cha mimea yenye maua, chenye kutaja karibu aina 20.000, kati ya mwaka 1805 na 1807. Aliandika pia juu ya uyoga wa kuliwa, kazi yenye faida kwa kila mtu, kwa sababu katika uyoga kosa moja la kutambua linaweza kuua nyumba nzima.

Watu wa jirani waliona mzee mpweke. Lakini barua zilikuwa zinaingia na kutoka. Wasomi wa Ulaya yote walimwandikia, wakamtumia uyoga mkavu ndani ya karatasi, wakimwomba awaambie ni aina gani. Hata uyoga uliokusanywa katika safari ya meli ya Kifaransa Uranie, iliyozunguka dunia kati ya mwaka 1817 na 1820, ulipita mikononi mwake ili upewe majina. Mtu aliyekosa pesa ya kusafiri alikuwa anatazama misitu ya dunia kutoka chumba kimoja.

Kila kipande alikikausha, akakiandikia na kukihifadhi. Uyoga laini unaharibika upesi, lakini ule wa miti, kwa ugumu wake, ukikauka vizuri unakaa miaka na miaka. Na hapo ndipo uzito wa kazi ulipo. Maneno ya kitabu yanaweza kusomwa kwa namna mbili. Kipande chenyewe kinaweza kuchukuliwa tena na kutazamwa tena. Mtu akisema amegundua aina mpya, anaulizwa: iko wapi? Kama hana cha kuonyesha, jina lake linabaki neno tu.

Kijana wa Swideni

Mwaka 1821, wakati Persoon amefikia miaka 60, kijana mmoja wa Swideni, Elias Magnus Fries, mwenye miaka 27 hivi, alianza kutoa kitabu chake Systema mycologicum, kilichokamilika mwaka 1832. Fries alikua katika kijiji chenye misitu mingi, alijua uyoga tangu utoto, na alikuwa na nguvu ya kuandika bila kuchoka. Alijenga juu ya msingi wa Persoon, akaongeza, akapanga upya. Wengi wakamfuata. Jina la Schizophyllum commune, ule uyoga mdogo wa kijivu wenye kuota juu ya miti iliyokufa na ambao Wacongomani wengi wanaupika, ni la Fries, la mwaka 1815.

Persoon hakunyamaza. Kuanzia mwaka 1822 mpaka 1828 alitoa vitabu vitatu juu ya uyoga wa Ulaya. Lakini alikuwa mzee, na pesa imekwisha. Katika miaka hiyo ya 1820 alifanya mapatano yaliyokuwa na uchungu ndani yake: mkusanyo wake wote, kazi ya maisha yake, aliuachia ufalme wa Uholanzi, na ufalme ukakubali kumpa pensheni mpaka kufa. Masanduku yakaondoka Paris kwenda Leiden, mji ule ambamo aliwahi kusoma akiwa kijana. Yeye akabaki katika chumba chake.

Alifariki mwezi wa 11 mwaka 1836.

Jina lililopotea na kurudi

Miaka karibu 40 baada ya kifo chake, mambo ya uozo yaligeuzwa kichwa chini. Robert Hartig, mtaalamu wa misitu wa Ujerumani, alionyesha katika miaka ya 1870 kwamba uozo hauzai uyoga; uyoga ndio unaleta uozo. Nyuzi zake nyembamba zinaingia ndani ya mbao na kuikula polepole, na kile kibao cha nje ni tunda tu. Aina nyingine inakula sehemu yenye kuipa mbao ugumu wake na kuacha nyuzi laini nyeupe. Nyingine inakula nyuzi na kuacha mbao ya kahawia yenye kuvunjika vipandevipande. Tangu hapo kujua ni aina gani imeingia katika mti kukawa jambo la pesa: la nyumba, la meli, la reli, la msitu mzima. Vitabu ambavyo Persoon aliandika bila mshahara vikawa na kazi ya kila siku.

Lakini jina lake lilipata pigo. Mwaka 1910, mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Brussels uliamua kwamba hesabu ya majina ya uyoga ianzie wapi. Kwa kutu za mimea na uyoga wenye mifuko, ilianzia kitabu cha Persoon cha mwaka 1801. Kwa uyoga mwingi uliobaki, pamoja na ule wa miti, ilianzia kitabu cha Fries cha mwaka 1821. Ni kusema, majina ambayo Persoon aliupatia uyoga wa miti kabla ya hapo hayakuhesabiwa kama yake peke yake. Yalipaswa kupitia kwa mwandishi mwingine wa baadaye, ndipo yahesabike. Mtu aliyefungua gunia akawa kama shahidi katika kesi ya mwingine.

Hali hiyo ilidumu miaka 71. Mwaka 1981, kwenye mkutano wa Sydney, Australia, sheria ilibadilishwa. Mwanzo wa majina ukarudishwa mwaka 1753, na majina yaliyokubaliwa na Persoon katika kitabu chake cha 1801 na yale ya Fries yakapewa ulinzi wa pekee. Persoon akapata tena mahali pake, miaka 145 baada ya kufa. Mbele ya hapo, mwaka 1959, mji wa Leiden wenye kutunza masanduku yake ulikuwa umeanzisha jarida la uyoga lenye kuitwa Persoonia, ambalo bado linatoka na kutangaza aina mpya.

Masanduku ya Congo

Hadithi hii inagusa Congo kwa njia nyingine pia. Wakati wa ukoloni uyoga wa Congo ulikusanywa, ukachorwa kwa rangi na kutumwa Ubelgiji. Bi. Goossens-Fontana, aliyeishi Binga katika Équateur, alichora mamia ya uyoga ukiwa bado mbichi, na Maurice Beeli wa bustani ya mimea ya Brussels akaupatia majina bila kuuona ukiota. Kuanzia mwaka 1935 michoro hiyo ikachapishwa kwa mfululizo. Watu wa vijiji waliojua kila uyoga unaota wapi, mwezi gani, na upi unaliwa, hawako katika majina yale. Vipande vyenyewe mpaka sasa vinatunzwa Ubelgiji, sawa vile vya Persoon vinatunzwa Uholanzi.

Na kazi haijaisha. Wataalamu wanaotumia ADN wanasema kwamba jina Ganoderma applanatum limekuwa kama shuka kubwa lililofunika aina nyingi zenye kufanana. Uyoga wa Afrika uliopewa jina hilo si lazima uwe ule ambao Persoon aliutazama Ulaya. Ili kukata neno, mtu anahitaji kipande kutoka kwenye mti, kilichokaushwa vizuri, chenye kuandikwa mahali, tarehe na aina ya mti, na chenye kuwekwa mahali ambapo mwingine anaweza kukiona. Congo ina nyumba ya kutunzia mimea mikavu kule Yangambi, katika jimbo la Tshopo, na vyuo vikuu vyenye vijana wa kilimo na misitu. Vifaa vya mwanzo ni vilevile vya Persoon: kisu, karatasi, kalamu, jua la kukaushia, na uvumilivu wa kutazama chini ya uyoga, pale penye matundu.

Persoon hakuwa na mtoto, wala nyumba, wala cheo. Alichokuwa nacho ni masanduku, na aliyauza ili ale. Miaka karibu 200 imepita. Kwenye mlima wa Virunga gorila mchanga anaendelea kuguguna kibao chake juu ya mti, na anayetaka kujua jina la kweli la kibao hicho bado analazimika kukilinganisha na uyoga mkavu ulioachwa na mtoto wa Rasi ya Tumaini Jema.